Sura ya 8: Jeti Ndogo Iliyotumika na Bei Isiyoandikwa Kwenye Tangazo

Kuna swali linaloulizwa na watu wa kila namna: mfanyabiashara mwenye malori, daktari anayetaka kuanzisha huduma ya kusafirisha wagonjwa, hata kijana anayependa ndege tu. Wote wameona tangazo. Jeti ya abiria sita, iliyoundwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, inauzwa kwa dola laki tatu au nne. Jeti mpya yenye kazi kama hiyo, kwa mfano Phenom 300E ya kampuni ya Embraer ya Brazili, hugharimu dola milioni 10 au zaidi. Basi wanauliza: anayenunua ile ya zamani si ameokoa zaidi ya dola milioni tisa?

Hajaokoa. Vipuri, mshahara wa fundi, mafunzo ya rubani na mafuta vyote vinalipiwa kwa bei ya leo, na havipungui kwa sababu ndege ilinunuliwa kwa bei ya kutupwa. Mwenye jeti ya laki tatu anaitunza kwa viwango vilevile vya usalama vinavyomhusu mwenye jeti ya mamilioni, na mara nyingi anatumia zaidi, kwa kuwa ya kwake imechoka zaidi.

Sura hii inaeleza namna ya kuisoma bei ya kweli ya jeti iliyotumika kabla fedha hazijatoka mkononi. Anayenunua ndege ananunua vitu viwili: maisha yaliyobaki ndani ya mashine, na ushahidi wa maandishi kwamba maisha hayo yapo. Kikikosekana kimoja, hakuna bei iliyo rahisi.

Jeti nyepesi ni ndege gani?

Katika biashara ya ndege, jeti nyepesi kwa kawaida ni ndege ya injini mbili, yenye uzito usiozidi takriban tani tisa wakati wa kuruka, inayobeba abiria wanne hadi wanane. Nyingi kati yake zina asili moja: mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Huko ndiko Learjet 23 ilikoruka kwa mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba 1963, na Cessna Citation ikafuata tarehe 15 Septemba 1969. Learjet ilisifiwa kwa mbio. Citation ilikwenda polepole zaidi, lakini ilikuwa nyepesi kuirusha na iliweza kutumia viwanja vifupi.

Sokoni leo utakuta makundi matatu:

- Kizazi cha kwanza: Learjet 24 na 25, na Citation za mwanzo. Hizi ndizo zenye bei zinazoshangaza watu.
- Kizazi cha kati: Citation II na Bravo, Learjet 35, Beechjet 400, na CitationJet iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1991.
- Kizazi kipya: Citation Mustang ya mwaka 2006, Phenom 100 ya mwaka 2008, Phenom 300 ya mwaka 2009, HondaJet ya mwaka 2015, pamoja na CitationJet zilizoboreshwa kama CJ3.

Kundi la kwanza limeshuka bei kwa sababu zinazoeleweka. Injini zake hunywa mafuta mengi na zina kelele. Baada ya tarehe 31 Desemba 2015, Marekani ilipiga marufuku jeti ndogo zisizotimiza kiwango chake cha kelele kuruka katika majimbo yake 48 yanayopakana. Learjet za zamani ambazo hazikufungwa vifaa vya kupunguza kelele zilipoteza siku ileile soko lao kubwa kuliko yote. Ndege iliyokosa pa kuruka huko hutafutiwa mnunuzi kwingine, na mnunuzi huyo anaweza kuwa wewe.

Jambo lingine la kuangalia ni kama aliyeiunda bado yupo. Kampuni ya Eclipse Aviation, iliyotengeneza jeti ndogo ya Eclipse 500, ilifilisika mwaka 2008, na wenye ndege wakabaki wakihangaikia vipuri na huduma. Bombardier ilikabidhi Learjet yake ya mwisho mwaka 2022, lakini iliahidi kuendelea kuzihudumia zilizopo. Kabla ya kuipenda ndege yoyote, uliza vipuri vyake vinatoka wapi na vinachukua muda gani kufika.

Injini: deni linalouzwa pamoja na ndege

Kila injini ya jeti ina idadi ya saa ambazo zikitimia, injini hufunguliwa yote, hukaguliwa na kubadilishwa sehemu zilizochoka. Kazi hiyo tuiite ukarabati mkuu. Kwa injini nyingi za JT15D zilizofungwa kwenye Citation za mwanzo, ukomo huo ni saa 3,500. Katikati ya muda huo hufanyika ukaguzi wa sehemu ya moto, yaani pale mafuta yanapowaka na mapanga ya turbini yanapozungushwa na gesi kali. Ukarabati mkuu wa injini moja hugharimu mamia ya maelfu ya dola, na ndege ina injini mbili.

Tulinganishe ndege mbili za aina moja. Tarakimu hizi ni za mfano, ili hesabu iwe wazi. Tuseme ukarabati mkuu wa injini moja ni dola 350,000, na ukomo ni saa 3,500. Kila saa inayoruka inakula dola 100 za injini moja.

- Ndege A inauzwa dola 700,000. Kila injini imeshatumika saa 3,000. Deni la injini moja ni dola 300,000, na la zote mbili ni dola 600,000. Bei ya kweli: dola 1,300,000.
- Ndege B inauzwa dola 1,200,000. Kila injini imetumika saa 500 tu. Deni la injini zote mbili ni dola 100,000. Bei ya kweli: dola 1,300,000.

Tangazo linasema A ni rahisi kwa nusu milioni. Hesabu inasema zinalingana. Tena A itakaa hanga miezi kadhaa injini zake zikiwa karakana, na miezi hiyo haikuingizii kitu.

Wamiliki wengi huepuka mshtuko huu kwa kujiunga na mpango wa malipo kwa saa: kila saa ndege inaporuka, mmiliki hulipa kiasi fulani kwa mtoa huduma, na siku ya ukarabati mkuu ikifika, mtoa huduma ndiye anayebeba gharama. Williams, watengenezaji wa injini za CitationJet, wana mpango wao; Pratt & Whitney Canada wana wao; na kampuni ya JSSI hutoa mpango kwa injini za watengenezaji mbalimbali. Muuzaji akisema ndege iko kwenye mpango, usitosheke na neno lake. Omba barua kutoka kwa mtoa huduma mwenyewe ikieleza mambo matatu: malipo yamefika mpaka lini, mpango unahamishika kwa mmiliki mpya au la, na ada ya kuhamisha ni kiasi gani.

*Kwa ufupi: jumlisha bei ya tangazo na gharama ya saa zilizokwisha kuliwa kwenye injini. Jumla hiyo ndiyo bei ya kujadili.*

Mali bila daftari hupotea bila habari

Hakuna mahali methali hii ilipo kweli kuliko kwenye ndege. Anayenunua gari lililotumika kutoka Japani huangalia kilomita, bodi na sauti ya injini. Akikosa kijitabu cha matengenezo, husikitika kidogo na gari akalichukua. Kwenye ndege, kitabu kilichopotea kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama mashine inang'aa.

Sababu iko wazi. Ndani ya injini kuna sehemu zenye ukomo wa maisha, kama vile diski zinazoshika mapanga ya turbini. Kila injini inapowashwa, ikaenda kwa nguvu na kuzimwa, diski hupata joto na kupoa, na chuma huchoka kidogo; huo huitwa mzunguko mmoja. Diski ikifikisha idadi ya mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji, hutupwa hata kama macho hayaoni ufa. Kama karatasi zinazoonyesha mizunguko yake tangu ilipotoka kiwandani hazipo, hakuna mhandisi mwaminifu atakayeikubali. Itabidi ununue nyingine, wakati iliyopo pengine ni nzima kabisa.

Nyaraka za kudai kabla ya kujadili bei:

1. Madaftari yote ya ndege na ya kila injini, tangu siku ya kwanza, bila kurasa zilizokatika.
2. Orodha ya sehemu zenye ukomo wa maisha, na mizunguko iliyobaki kwa kila moja.
3. Uthibitisho kwamba maagizo ya usalama yametekelezwa. Agizo la usalama ni amri ya mamlaka ya anga kwamba kasoro fulani irekebishwe kwenye ndege zote za aina hiyo. Si hiari.
4. Kumbukumbu za ajali na madhara: ndege kuvutwa vibaya, kupigwa na mvua ya mawe, kutua kwa kishindo. Ndege iliyotengenezwa vizuri baada ya kuumia inaweza kuwa salama, lakini bei yake lazima ioneshe historia hiyo.
5. Ripoti ya ukaguzi mkubwa wa mwisho na tarehe ya unaofuata. Kwa Citation za familia ya 500, ukaguzi mzito wa mzunguko wao huja kila miezi 36 au saa 1,200, lolote litakalotangulia. Ndege inayouzwa mwezi mmoja kabla ya ukaguzi huo inauzwa pamoja na bili yake.

Ukaguzi kabla ya kununua

Huu ni uchunguzi unaofanywa na karakana huru kwa niaba ya mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayelipa. Karakana huru ni ile ambayo haijaitunza ndege hiyo kwa ajili ya muuzaji. Fundi aliyeihudumia miaka kumi anaweza kuwa hodari na mkweli, lakini hawezi kuombwa akosoe kazi ya mikono yake mwenyewe.

Ukaguzi mzuri hugusa mambo manne. Kwanza, injini hutazamwa ndani kwa kamera nyembamba yenye taa, inayopitishwa kwenye matundu madogo, ili kuona kama mapanga yameungua au kupasuka. Pili, mbao za sakafu ya chumba cha abiria huinuliwa na sehemu zilizofichika hufunguliwa kutafuta kutu. Hili ni la lazima kwa ndege iliyolala Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au mji wowote wa pwani, kwa maana hewa ya chumvi hula bati kimyakimya. Tatu, mfumo wa kubana hewa ndani ya chumba hicho, magurudumu, breki na vyombo vya rubani hujaribiwa. Nne, ndege hurushwa, na nguvu ya kila injini hupimwa kulingana na jedwali la mtengenezaji.

Mkataba useme mapema nani analipia nini. Utaratibu ulio wa haki ni kwamba kasoro zinazoizuia ndege kuruka kisheria hurekebishwa kwa fedha za muuzaji, na mambo ya urembo, kama zulia na ngozi ya viti, ni juu ya mnunuzi. Muuzaji anayekataa ukaguzi huru anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mshukuru, uondoke.

Ndege ni ya nani hasa?

Aliyeshika funguo si lazima awe ndiye mwenye mali. Ndege nyingi hununuliwa kwa mikopo, na benki huweka rehani, yaani haki ya kuichukua ndege deni lisipolipwa. Rehani huifuata ndege hata ikibadilisha mmiliki.

Kwa ndege iliyosajiliwa Marekani, ambayo alama yake huanza na herufi N, kumbukumbu za umiliki na madeni hutunzwa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo mjini Oklahoma City. Juu ya hapo kuna daftari la kimataifa la kielektroniki lililoko Dublin, Ireland, lililoanza kazi mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001. Kenya na Tanzania zimo kwenye mkataba huo. Daftari hilo huonyesha nani ana madai juu ya ndege au injini fulani, na nani alitangulia kuyaandikisha.

Kuna mpaka mmoja ambao wanunuzi wengi hawaujui. Mkataba unahusu ndege zilizoidhinishwa kubeba watu wanane au zaidi pamoja na marubani, na injini za jeti zenye msukumo wa pauni 1,750 au zaidi. Jeti ndogo sana kama Citation Mustang haifikii kipimo hicho. Kwa ndege ya namna hiyo, ukimya wa daftari la Dublin hauthibitishi chochote. Tegemea daftari la nchi iliposajiliwa na mwanasheria anayelijua.

Fedha nazo zisiende moja kwa moja kwa muuzaji wala kwa dalali. Ziwekwe kwa mshika amana, kampuni isiyofungamana na upande wowote, inayoachia malipo pale tu hati safi za umiliki zinapokuwa mikononi mwake.

Je, ndege hii inakifaa kiwanja chako?

Vipimo vya kwenye kipeperushi hupigwa usawa wa bahari, hali ya hewa ikiwa ya wastani. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na njia zake za kurukia ni za takriban mita 1,500. Hewa ya juu ni nyembamba, na joto la mchana huifanya nyembamba zaidi. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa yanahitaji mwendo mkubwa kabla ya kuinua ndege. Jeti inayoruka Dar es Salaam imejaa watu na mafuta inaweza kulazimika kuacha abiria au mafuta ili iondoke Wilson saa nane mchana. Kwa hiyo omba hesabu ya kiwanja chako, kwa joto la kiwanja chako, na kwa mzigo utakaobeba kweli.

Swali la pili ni la angani. Tangu Septemba 2008, anga ya Afrika kati ya futi 29,000 na 41,000 hupangwa kwa kuacha futi 1,000 kati ya ndege na ndege, badala ya 2,000 za zamani. Ili kuruka humo, ndege lazima iwe na vipima-kimo sahihi sana na kibali maalumu. Jeti kuukuu isiyo na kibali hicho kwa kawaida hubaki chini ya futi 29,000, ambako injini za jeti hunywa mafuta mengi zaidi na safari inafupika.

Swali la tatu ni la ardhini. Viwanja vingi vya mbugani na wilayani ni vya changarawe au udongo. Jeti nyingi nyepesi haziruhusiwi huko, kwa sababu mawe hurushwa ndani ya injini na kwenye tumbo la ndege. Ndege za pangaboi kama Pilatus PC-12 na Cessna Caravan zimejaa Afrika Mashariki kwa sababu hiyo, na AMREF Flying Doctors hutumia PC-12 kuwafuata wagonjwa kwenye viwanja vya namna hiyo. Kama safari zako nyingi ni Seronera au Maasai Mara, jeti haikufai, hata ukipewa bure.

Utairuka saa ngapi kwa mwaka?

Kuna gharama zinazolipwa hata ndege ikilala: bima, hanga, mishahara ya marubani, mafunzo yao, ramani za kielektroniki, na ukaguzi unaoendeshwa na kalenda. Rubani wa jeti anahitaji idhini ya aina hiyo hiyo ya ndege, na hurudi kwenye kifaa cha kuigiza urukaji kwa mazoezi ya mara kwa mara, mara nyingi nje ya nchi.

Tuseme, kwa mfano, gharama hizo ni dola 300,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 300, kila saa inabeba dola 1,000 kabla ya mafuta. Ukiruka saa 60, kila saa inabeba dola 5,000. Mwenye safari chache hupata unafuu kwa kukodi, na hana haja ya kuona haya.

Wengine husema, "Nitaikodisha ijilipe." Kubeba abiria wanaolipa kunahitaji cheti cha mwendeshaji kutoka mamlaka ya anga, kama TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, au makubaliano na kampuni iliyo na cheti hicho. Kukodisha bila cheti ni kosa, na bima inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Hatua za ununuzi kwa mpangilio

1. Andika safari zako za kweli: kutoka wapi, kwenda wapi, watu wangapi, mara ngapi.
2. Zungumza na mamlaka ya anga ya nchi yako kuhusu masharti ya kuingiza aina hiyo ya ndege, kabla hujalipa senti.
3. Tafuta mhandisi na mwanasheria wanaolipwa na wewe, si na dalali wa muuzaji.
4. Soma madaftari kwanza. Kuiona ndege kuje baadaye.
5. Toa barua ya kusudio la kununua, weka amana inayorudishwa, kisha saini mkataba.
6. Fanya ukaguzi huru, jadili matokeo, na uwe tayari kuacha.
7. Hakiki umiliki na rehani siku ileile ya malipo.
8. Panga kufutwa kwa usajili wa zamani, cheti cha kuuza nje kinachoonyesha ndege inastahili kuruka, na safari ya kuileta. Kutoka Marekani, jeti nyepesi kwa kawaida huvuka Atlantiki kwa kuruka vituo, kupitia Kanada, Greenland na Iceland, kwa hiyo inahitaji rubani mzoefu wa njia hiyo.

Hukumu ya sura hii ni hii. Nunua jeti iliyotumika kama una safari nyingi za mbali kati ya viwanja vya lami, kama injini zake zina saa za kutosha au mpango uliolipwa, na kama madaftari yake yamekamilika. Weka pia akiba ya ukarabati pembeni kabla ya kusaini. Sharti moja likikosekana, kodi ndege au nunua ya pangaboi. Watakaokaa nyuma ya rubani wako ni mke wako, mume wako, watoto, wafanyakazi au wagonjwa, na hakuna hata mmoja wao aliyesoma madaftari. Yasome kwa niaba yao, na yakikutia shaka, kataa.